Mwenye Cheti Halali

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena hadi kwenye kochi lile. Wewe mwanangu wa kwanza, weka simu hiyo mezani na uilaze kifudifudi. Hao wa chama watakusubiri, na wasipokusubiri basi hawakuwa wako. Wewe binti yangu, chukua kalamu. Andika ninavyosema, usininyooshee maneno. Makatibu wa Bunge wameninyooshea maneno miaka ishirini na mbili, leo nataka yatoke na mikunjo yake. Na wewe Fundi, mtoto wa kike wa kaka yangu, nimekuona umekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na buti zako za kuchomelea hujazivua. Sawa, kaa hapo hapo. Miaka sita hujakanyaga nyumba hii, siwezi leo kukupangia pa kukaa. Ninakuomba jambo moja tu: usitoke kabla sijamaliza, hata nitakapofika mahali ambapo utataka kutoka.

Daktari ameondoka saa sita. Alinong'ona nanyi pale koridoni akidhani sisikii. Mimi nilikuwa muuguzi miaka kumi na minne kabla ya hiyo siasa, najua daktari akinong'ona anasema nini. Tena miguu yangu ilishaniambia kabla yake. Imevimba hadi magotini, na nikilala chali kifua kinajaa maji. Kwa hiyo tusidanganyane, wala asiniambie mtu kwamba nitapona.

Tuanze na mali ili tuimalize, maana ndiyo nyepesi. Nyumba hii ni ya binti yangu, kwa sababu ndiye aliyenigeuza kitandani miezi minne hii bila kunionyesha kwamba nanuka. Kiwanja cha kule karibu na tangi la maji ni chako, mwanangu wa kwanza, usiuze, jenga. Gari ni la Bunge, lirudi na tairi zake zote. Suti zangu wapeni akina mama wanaofagia ofisi za wabunge. Mmoja wao aliwahi kuniambia waziwazi, "Mheshimiwa, siku ukiichoka ile ya bluu nikumbuke." Mwambieni nimeichoka. Na waheshimiwa wenzangu watakapokuja mazikoni na miwani yao myeusi, wapeni viti, wapeni maji, msiwape kipaza sauti. Wapo walionichukia miaka yote ile ambao watalia kuwashinda nyinyi.

Mali imekwisha. Sasa jina.

Jana mlidhani nimelala mkasomeana barua ya hospitali. Nimesikia kwamba lile jengo jipya la askari wastaafu litaitwa kwa jina langu, na kwamba wanataka kulifungua wiki ya maziko yangu, wewe mwanangu ukate utepe na kutoa hotuba, halafu baada ya wiki tatu chama kikupitishe ugombee kiti changu. Mpango mzuri. Ningekuwa mimi mzima ningeupanga vilevile. Lakini nasema mbele yenu wote watatu: jina langu lisiwekwe kwenye ukuta ule. Kwa nini, ndiyo nitakayosema sasa, na ndiyo wosia wangu wenyewe. Hayo ya nyumba na kiwanja mngegawana hata bila mimi.

Binti yangu, niinue kidogo. Hapo. Ongeza mto.

Vita vilipoisha nilikuwa muuguzi kijana. Nilipangiwa kambi ya kuwapokea askari, mahema arobaini kwenye uwanja wa mpira wa shule moja, na hema letu la zahanati lilikuwa karibu kabisa na goli. Walikuja kwa malori. Tuliwaosha, tukawafunga vidonda, tukawapa vidonge vya kulala, kisha tukawapeleka kwenye meza ya karani wa jeshi, ambako kila mmoja aliwekewa fomu ya ukurasa mmoja. Chini kabisa ya fomu ile iliandikwa hivi: "Nathibitisha kwamba naondoka jeshini nikiwa mzima wa mwili na wa akili." Ukisaini, unapewa cheti chenye muhuri, nauli na viatu vipya. Usiposaini, unapewa nauli tu. Nilimwona kwa macho yangu mtu asiye na mkono wa kulia akisaini kwa mkono wa kushoto kwamba ni mzima wa mwili.

Kaka yangu, baba yako wewe Fundi, aliletwa na lori la saa kumi. Alikuwa na vipande vya chuma kwenye paja, vidogo vidogo, vingine unavigusa kwa kidole chini ya ngozi. Na mtu akibamiza mlango wa lori, yeye alikuwa tayari yuko chini amejifunika kichwa. Nilipomwona anaelekea mezani nilimkimbilia nikamshika mkono. Nikamwambia, "Kaka, usisaini. Ukisaini leo kwamba u mzima, ukija kuumwa watakuonyesha sahihi yako."

Akaniuliza, "Na viatu?"

Nikamwambia, "Viatu nitakununulia mimi."

"Wewe? Wewe mwenyewe umevaa kandambili!" Akacheka, ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu arudi. Kisha akaenda mezani akamwambia karani kwamba yeye hasaini uongo. Waliokuwa nyuma yake mstarini walisikia. Wakauliza, wakaelezana, na kuanzia siku ile hadi kambi ilipofungwa wanaume mia moja themanini na watatu walikataa kusaini. Mimi nilijivuna. Nilitembea kati ya mahema yale kama mtu aliyeokoa nchi. Niliwaandika wote kwenye daftari langu la zahanati: jina, jeraha, tarehe, na pembeni nikaandika, "Amekataa kusaini, kwa ushauri wa muuguzi." Sahihi yangu iko chini ya kila ukurasa.

Nilichowashauri kilikuwa kweli, wanangu. Hata leo nakiona kuwa kweli. Lakini waliosema uongo ndio wenye cheti, na waliosema kweli walirudi nyumbani mikono mitupu.

Miaka ikapita, nikaingia Bungeni. Mnajua niliomba kura kwa ahadi moja tu, kwamba askari aliyerudi na kidonda atibiwe bure hadi siku yake ya mwisho. Miaka minane ilipita kabla hawajaniruhusu kuuandika muswada ule, kisha niliubeba miaka saba. Nililala nao, nilisafiri nao. Niliwasubiri mawaziri nje ya vyoo. Wenzangu wakaniita Mama Bandeji, nikiingia tu kwenye mkahawa wa Bunge mmoja anapiga kelele, "Ficheni vidonda, Mama Bandeji huyo!" na meza nzima inacheka. Nilicheka nao, kwa sababu anayecheka nawe ni rahisi kumwomba kura.

Mwaka wa saba kura zikapatikana. Asubuhi ya siku ya kupiga kura, wakati wa mapumziko ya chai, mwenyekiti wa kamati akaniita koridoni. Ni yule tuliyemwita Bwana Kesho, kwa kuwa hakuwa na jambo la leo. Siku hiyo alikuwa nalo. Akaniambia, "Mama Bandeji, watu wa Hazina wanaogopa. Wanasema kila mlevi wa mtaani atakuja hospitali aseme alikuwa vitani. Ongeza maneno matatu tu, tupige kura sasa hivi. Ukikataa, turudi kwenye kamati, na mwakani sijui nani atakuwa wapi." Akachukua karatasi ya kufutia mikono, akaandika baada ya maneno yangu "kila askari mstaafu" haya matatu: mwenye cheti halali.

Binti yangu, andika hivi: alijua. Usiandike kwamba alisahau, wala kwamba alidanganywa. Nilisimama na kikombe mkononi nikawaona wote mia moja themanini na watatu, na kaka yangu mbele yao, nikahesabu kura kichwani, nikasema, "Sawa, ongeza." Nilijiambia nitaupitisha kwanza, kisha nitautengeneza kwa kanuni. Wabunge wote husema hivyo.

Na tulipoingia ndani, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mbunge, mtu wa upande wa pili, akasimama akauliza, "Je, mtoa hoja anaweza kulihakikishia Bunge hili kwamba hakuna askari atakayeachwa nje kwa kukosa cheti?" Nikasimama. Nikajibu, "Mheshimiwa Spika, hakuna." Wakapiga meza. Jibu hilo limo kwenye kumbukumbu rasmi hadi leo, na mtu yeyote anaweza kwenda kulisoma.

Naomba maji. Asante. Hapana, yanatosha, usiniloweshe kama mche.

Jioni ile nilisema redioni kwamba kila askari aliyelitumikia taifa atatibiwa. Kila askari. Kaka yangu alikuwa na redio. Kabla ya hapo nilikuwa nimemsihi mara nyingi niende naye kwa daktari wangu, akakataa. Alisema, "Nikipita mlango wa dada yangu, wenzangu watapita wapi? Nitangoja wa wote." Basi aliposikia kwamba wa wote umefunguliwa, alipiga pasi shati lake la kijani, akalivaa, akaenda hospitali.

Fundi, hapa ndipo nilipokuomba usitoke.

Wewe ulijua kwamba alikwenda akarudi. Alikwambia foleni ni ndefu. Mazikoni ulisimama mbele yangu, watu wote wakisikia, ukaniuliza, "Shangazi, mbona hukumsaidia hata kupanga foleni?" na watu wakasema msichana ana uchungu, mwacheni. Ukweli ni kwamba foleni haikuwa ndefu. Alifika dirishani mapema kabisa. Karani akamwambia, "Mzee, cheti." Akasema hana, akaeleza habari ya fomu. Karani akamwambia hiyo hadithi amesikia. Ndipo kaka yangu akasema, "Kijana, dada yangu ndiye aliyeandika sheria hii." Na karani akamjibu, "Basi mwambie akuandikie na cheti." Foleni yote ikacheka.

Mnaniuliza nimejuaje. Binti yangu, acha kuandika kidogo unitazame. Ni wewe uliyeniambia. Ulikuwa ndiyo kwanza umeajiriwa pale, na kichekesho kile kilizunguka chumba cha chai cha wauguzi siku nzima. Ulikuja nyumbani ukanisimulia tukiwa mezani, kwamba kuna mzee mmoja leo kajifanya kaka wa mbunge, ukaigiza na sauti yake. Hukujua. Hukuwapo dirishani, hukumwona, na mjomba wako ulikuwa humjui kwa sauti hiyo ya kuomba, kwa sababu hakuwahi kuomba mtu. Nami nilicheka pamoja nawe. Kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili msinisikie.

Usilie, mama. Kicheko kile si chako, ni changu, nitaondoka nacho. Shika kalamu.

Siku ya tatu nikaenda kwake. Nilijiandaa njia nzima kusema. Alinikaribisha, akaniwekea chai, akazungumza habari ya bati lililong'oka nyuma ya nyumba. Alikaa akiwa amenyoosha ule mguu juu ya stuli. Nilisubiri aniambie ili nimwombe radhi. Naye, nadhani, alisubiri nimwombe radhi ili asiniambie. Tukamaliza chai. Akanisindikiza hadi getini akichechemea, akasema, "Dada, nilikusikia redioni. Ulisema vizuri." Sina hakika hadi leo kama alikuwa akinipongeza. Baada ya miezi minane mguu ule ukaoza, na mnajua yaliyofuata.

Sasa umesimama. Naona, Fundi. Kama unakwenda, nenda, sitakulaumu, lakini mlango huo ukiufunga, umefungwa pia kwa wale wenzake baba yako, kwa hiyo simama hapo hapo usikilize kwa ajili yao.

Baada ya kumzika kaka yangu nilitaka kuyaondoa maneno yale matatu. Nilikwenda kwa mawaziri watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote waliniuliza swali moja: "Tuonyeshe kwamba watu hao wapo." Karatasi za kambi ile ziliteketea pamoja na bohari ya jeshi. Ushahidi pekee uliobaki duniani ni daftari langu, na lilikuwa kwenye kabati la chuma chumbani kwangu, nguo za majira ya baridi zimelalia juu yake. Nikilitoa, mtu yeyote atafungua ukurasa wa kwanza, ataona sahihi yangu, halafu atafungua kumbukumbu za Bunge aone jibu langu. Kudanganya Bunge ni kupoteza kiti. Basi kila asubuhi nilifungua kabati lile, nikatoa sweta, nikafunga. Miaka sita. Nilihutubia mikutano ya askari, nikashikana nao mikono, na wengine waliokuwa hawana cheti walinishukuru, wakidhani kuna siku nitawafikia.

Wanaume wale wanakufa, wanangu. Wanakufa kwa vidonda ambavyo binti yangu angeweza kuvisafisha kwa nusu saa.

Sikilizeni sasa maagizo, pumzi inapungua.

Jumanne hii, saa tatu asubuhi, kamati inakaa. Kuna mbunge kijana wa upande wa pili ameleta marekebisho ya kifungu kile. Wizara itasimama iseme hakuna askari wa namna hiyo, kama nilivyosema mimi. Asipoletewa kitu mkononi, marekebisho yatatupwa, na kifungu kikishatupwa hakirudi hadi Bunge jingine, miaka mitano. Wangapi watakuwa hai baada ya miaka mitano? Daftari liende kwenye kamati ile pamoja na maneno haya ninayoyasema, yakiwa na sahihi yangu, nikiwa bado na mkono wa kusaini.

Mwanangu wa kwanza, siwezi kukupa wewe ulibebe. Si kwamba sikuamini. Ni kwamba nimekuona tangu nilipotaja daftari umeitazama simu ile mara tatu. Unafikiri watanifuta, na wakinifuta mimi watakufuta na wewe. Huenda. Nami nilifikiri hivyo hivyo nikiwa na kikombe mkononi, na umeona nilipofika. Ukigombea, gombea ukiwa umewaambia watu mama yako alifanya nini. Wakikunyima kura, rudi ofisini kwako ukafanye kazi ya uwakili, ni kazi nzuri. Hata kama utanichukia mwezi mzima, nakuombea baraka leo kwa sababu mwezi ujao sitakuwepo.

Binti yangu, hata wewe siwezi kukupa. Watakufukuza kazi, nami nataka uwepo pale ndani siku dirisha litakapofunguliwa. Mungu aibariki mikono yako. Umenilea kuliko nilivyokulea.

Fundi. Anayelibeba ni wewe. Liko hapa, chini ya blanketi, nilimwomba daktari anitolee kabatini asubuhi. Najua namtwika mzigo mtu niliyemwonea. Ningekuwa na mwingine ningemtuma. Sikuombi unisamehe, msamaha nilipaswa kuuomba kwa mwenyewe, kwenye chai ile, na nafasi ile nimeipoteza. Ukisimama mbele ya kamati, usinitetee. Wakikuuliza shangazi yako alikuwa mtu gani, waambie alikuwa muoga aliyefanya kazi kwa bidii. Hiyo ndiyo kweli, na watashangaa kidogo kuisikia mle ndani.

Baba yako yuko ukurasa wa kwanza. Usinisomee huo.

Umekuja... naona buti zako. Kaa hapa kitandani, usiogope shuka, zitafuliwa. Lichukue. Ni jepesi, eh? Nami nililiona zito miaka yote.

Binti, lete hapo nisaini. Shikilia mkono wangu, lakini usiniandikie. Hivyo. Ni baya, lakini ni langu.

Sasa nifungulie ukurasa wa pili, Fundi, nikuonyeshe unavyosomwa. Pembeni ya kila jina niliandika jina la kambini, kwa kuwa ndilo walilokuwa wakiitikia nikiwaita kubadilishwa bandeji. Ukienda majumbani mwao ita hilo. Majina ya serikali hawayapendi. Soma.

Mpishi... huyo amefariki. Mapafu. Endelea.

Dereva wa Kanali. Amefariki naye, mkewe yupo, anajua yote, anaweza... anaweza kusema. Endelea, mwanangu. Sauti yako kama ya baba yako. Endelea.

Mungu awalinde. Awape... awape kulala usingizi. Nyote watatu, si mmoja. Msigawanyike kwa ajili yangu. Soma, nasikia.

Kinyozi. Ah. Kinyozi yuko hai. Alinyoa kambi nzima... kwa mkono mmoja. Anakaa nyuma ya kiwanda cha matofali, mlango wa bati, wa pili... ukitokea barabarani. Huyo aende na wewe. Jumanne. Wamwone. Mfuate mapema, Fundi... hatembei haraka.